Kipima dakika, siku ya vipande au ubao wa kadi: ipi inakufaa kazini?

Saa kumi jioni, tarehe 6 ya mwezi. Mhasibu wa kampuni ya watu thelathini jijini Dar es Salaam ana faili la mishahara lililo wazi kwenye kompyuta tangu saa mbili asubuhi. Kesho, tarehe 7, ndiyo mwisho wa kuwasilisha PAYE, yaani kodi inayokatwa kwenye mishahara, kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Tangu asubuhi amejibu barua pepe, amemtafutia dereva risiti ya mafuta, ameingia kikao cha nusu saa kilichokula saa moja na robo, na faili lile amelirudia mara saba. Hakuna anayeweza kumwambia alikaa bure. Faili bado halijafika nusu.

Mtu wa namna hii akiambiwa aongeze bidii anaonewa. Bidii anayo. Kinachomponza ni namna siku yake inavyokatikakatika, na kila mkato una dawa yake. Hapa tunalinganisha mbinu tatu zinazotumiwa sana maofisini: kipima dakika, siku ya vipande na ubao wa kadi. Zote karibu ni bure, na zote huharibika zikipewa mtu zisiyemfaa.

Kwanza, jua siku yako inakatikia wapi

Kabla ya kuchagua, tumia siku 3 za kawaida ukiwa na daftari pembeni. Epuka wiki ya kufunga mwezi, kwa sababu wiki hiyo haifanani na nyingine. Kila unapoiacha kazi uliyokusudia kuifanya, andika herufi moja:

M: mtu amekuja mezani au amepiga simu.
N: nafsi yako mwenyewe, umeshika simu, umefungua habari, umekwenda kutafuta chai isiyo na saa.
H: kazi mpya ya haraka imeingia juu ya hii.
K: kazi imekwama, unasubiri saini, nyaraka au jibu la mtu.

Jioni hesabu. Usijitetee wala usijilaumu, hesabu tu. Wengi hudhani tatizo lao ni M, kisha daftari linawaonyesha N nyingi kuliko walivyotaka kuamini. Wengine hukuta kinyume: wamejilaumu miaka kwa uvivu, kumbe karatasi imejaa K.

Vigezo vya kulinganisha

Kila mbinu tunaipima kwa mambo yaleyale: inavyokwenda, inachohitaji ili kuanza, inapovunjika, mzigo wa akili inaoutua, na mtu inayemfaa. Kigezo chenye uzito kuliko vyote, kwa maoni yetu, ni hiki: nani anashika saa zako? Mtu wa kaunta hashiki saa zake. Mkuu wa idara anazishika nusu. Anayefanyia kazi nyumbani anaweza kuzishika zote, na hapo ndipo anapojiharibia.

1. Kipima dakika

*Inavyokwenda.* Francesco Cirillo, Mtaliano, aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa kutumia kipima dakika cha jikoni chenye umbo la nyanya. Ndiyo maana inaitwa pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Asubuhi unaandika kazi za leo. Unachagua moja, unaweka dakika 25, na unaifanya hiyo peke yake mpaka kengele ilie. Unatia alama ya X mbele ya kazi hiyo, unapumzika dakika 5, unarudi. Baada ya vipindi vinne unapumzika dakika 15 hadi 30. Kipindi hakigawanyiki: kikikatwa kweli, hakihesabiwi, unaanza upya. Kazi inayokadiriwa kuzidi vipindi 5 hadi 7 ivunje iwe kazi kadhaa. Zile ndogo zisizofika kipindi kimoja, kama barua tatu fupi, ziweke pamoja.

Kuna sehemu ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo yenye faida. Katikati ya kipindi likikujia wazo, kwa mfano "sijamtumia mama hela ya gesi", weka alama ya ritifaa (') kwenye karatasi, liandike pembeni kwa maneno mawili, endelea. Akija mtu, weka kistari (-) na mwambie lini utamfuata: "Nimekuona, dada. Nina dakika kumi nimalizie hesabu hii, nakuja mezani kwako." Mwisho wa wiki alama hizo zinakueleza mengi kuliko idadi ya X.

*Inachohitaji.* Karatasi, kalamu na kipima dakika. Cha jikoni ni bora kuliko simu, maana ukiinua simu kuzima kengele unakutana na jumbe kumi na mbili zinakungoja. Kama huna budi kutumia simu, ilaze kifudifudi, arifa zote zimezimwa isipokuwa mtetemo wa saa. Kuijua mbinu ni kazi ya asubuhi moja. Kujua kazi fulani itakula vipindi vingapi huchukua wiki mbili hivi.

*Inapovunjika.* Kosa la kwanza ni hesabu. Mtu anagawa saa 8 kwa nusu saa, anapata vipindi 16, anajipangia vyote. Kwenye ofisi yenye vikao na wageni, vipindi 8 ni siku nzuri. Hizo ni saa 3 na dakika 20 za kazi iliyotulia, nyingi kuliko ambazo wengi wetu tunazipata sasa. Ukijipangia 16 ukafanya 8, unakwenda nyumbani ukijiona umeshindwa wakati umefanya vizuri. Kosa la pili ni kupumzikia kwenye simu. Dakika 5 za kupitisha kidole kwenye picha na mabishano hazipumzishi kichwa. Simama, kunywa maji, tazama nje. La tatu linawahusu waandika programu, wakaguzi wa hesabu na waandishi: kengele inalia ndiyo kwanza akili imeshika moto. Hao watumie dakika 50 kwa 10.

*Mzigo inaoutua.* Woga wa kuanza. Ripoti ya kurasa arobaini inatisha, dakika 25 hazimtishi mtu.

*Inayemfaa.* Mwenye N nyingi, mwanafunzi wa tasnifu, anayefanya kazi peke yake. Mpokezi, muuguzi wa zamu na mtu wa kaunta wataishia kuichukia.

2. Siku ya vipande

*Inavyokwenda.* Jioni kabla ya kuondoka unaigawa kesho yako kwenye karatasi au kalenda, kila kipande kikiwa na kazi yake. Unaanza na visivyosogea: vikao, chakula, swala, kumfuata mtoto shuleni. Kisha kazi moja nzito unaipa saa ambazo akili yako ni nyepesi, na kwa wengi huwa ni asubuhi. Kujibu ujumbe nako kunapewa saa zake. Mtu aliyezoea kuipanga siku kwa nyakati za swala tayari ana mifupa ya mbinu hii. Anaongeza nyama tu.

Ya yule mhasibu ingeweza kuwa hivi, tuseme tarehe 4:

2:00–2:20 kupitia mpango
2:20–4:00 mishahara
4:00–4:30 chai na kujibu ujumbe
4:30–5:30 kikao cha idara
5:30–6:00 tupu
6:00–7:00 chakula na swala
7:00–8:15 kupatanisha risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi) kwa ajili ya ritani ya VAT (taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani) ya tarehe 20
8:15–9:15 tupu
9:15–10:00 kujibu ujumbe na simu
10:00–10:40 kazi ndogondogo
10:40–11:00 mpango wa kesho

Vile vipande viwili tupu ni dakika 90, karibu moja ya tano ya saa za kazi, na ndivyo vinavyobeba siku nzima. Kikao kikizidi, kinakula pale. Bosi akiita, anakula pale.

*Inachohitaji.* Dakika 20 kila jioni na ukweli kuhusu kasi yako. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba watu hukadiria muda wa kazi kwa kufikiria itakavyokwenda ikienda vizuri, na kuisahau kumbukumbu ya kazi kama hiyo zilivyowachelewesha zamani. Kinga rahisi: kadirio lako la kwanza lizidishe kwa moja na nusu. Ukisema saa moja, andika saa moja na nusu. Fanya hivyo mpaka uwe na wiki mbili za kumbukumbu zako mwenyewe.

*Inapovunjika.* Inavunjika kila siku, na hilo halina neno. Kinachoiua ni mtu kuitupa yote mchana kwa sababu saa nne asubuhi iliharibika. Mpango ukivunjika, piga mstari, panga upya saa zilizobaki. Ni kazi ya dakika 3. Tatizo kubwa zaidi ni kujaza kila dakika. Siku isiyo na nafasi haina pa kupokelea dharura, kwa hiyo dharura moja inageuza vipande vyote vinavyofuata kuwa deni. Pia wenzako wakiona kalenda yako haina kitu, watakuwekea vikao juu ya kipande chako cha mishahara. Kiandike kwenye kalenda ya ofisi kama miadi.

*Mzigo inaoutua.* Ile sauti inayosema "hujajibu, hujajibu". Ujumbe wenye saa yake ya kujibiwa haukusumbui kama ule usio na saa. Wanasaikolojia E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha mwaka 2011 kwamba jambo lisilokamilika huacha kuingilia mawazo pale mtu anapoliwekea mpango mahsusi, hata kabla ya kulitekeleza.

*Inayemfaa.* Mwenye kushika angalau nusu ya saa zake: mhadhiri, mkuu wa idara, mhasibu, mshauri. Inawafaa mno wanaofanyia kazi nyumbani Nairobi au Arusha na timu yao iko New York, ambako saa tatu asubuhi ni saa kumi au saa kumi na moja jioni huku, kutegemea majira. Asiyeandika saa ya kufunga huanza na majirani zake asubuhi na kumaliza na Wamarekani usiku. Kipande cha kwanza wanachopaswa kukiandika ni cha kuzima kompyuta.

3. Ubao wa kadi

*Inavyokwenda.* Hii imetoka kiwandani. Taiichi Ohno wa Toyota, nchini Japani, aliijenga miaka iliyofuata Vita vya Pili vya Dunia, akiwa amevutiwa na maduka makubwa ya Marekani ambako rafu hujazwa tena kadiri wateja wanavyochukua bidhaa. Kadi, kwa Kijapani kanban, iliitisha vipuri pale tu vilipohitajika. Maofisini imebaki na umbo rahisi: karatasi ya manila ukutani yenye safu nne, *Zinazongoja*, *Naifanya*, *Nasubiri mtu*, *Imekwisha*. Kila kazi ina kadi yake, na kadi husogea kwenda kulia.

Kanuni iliyo moyo wake ni moja: safu ya *Naifanya* haizidi kadi 3. Ukitaka ya nne, maliza moja kwanza. Sababu yake ni hesabu ambayo mtafiti John Little aliithibitisha mwaka 1961: muda wa wastani ambao kazi hukaa mikononi ni idadi ya kazi zilizo mikononi gawa kwa idadi unazozimaliza kwa siku. Una kazi 12 wazi na unamaliza 3 kwa siku? Kila moja itakaa nawe siku 4 kwa wastani. Zipunguze zilizo wazi ziwe 6 kwa kasi ileile, zitakaa siku 2. Hukukimbia, hukukesha, na watu wanaanza kusema kazi zako zinatoka upesi.

*Inachohitaji.* Manila, kalamu ya wino mzito na vikaratasi vya kunata. Kwenye joto la pwani na feni ikizunguka vikaratasi hudondoka, na kadi iliyodondoka ni kazi iliyopotea. Kibandue kwa kukivuta kutoka ubavuni badala ya chini kwenda juu, ili kisijikunje, kisha kikandamize ukingo wote wenye gundi. Kikikataa, tumia kipande cha utepe. Ukiwa na timu iliyotawanyika tumia programu yoyote ya ubao, ila ukutani bosi huona bila kufungua kitu, na faida ya hilo utaiona punde. Kadi iandikwe kitendo chenye mwisho: "Tuma barua ya benki ya kusitisha hawala" ni kadi, "Benki" si kadi. Iwe kazi ya nusu siku hadi siku mbili.

*Inapovunjika.* Mahali pawili. Pa kwanza ni *Nasubiri mtu*, ambayo hugeuka kaburi. Kila kadi inayoingia humo iandikwe tarehe na jina la unayemsubiri; ikifikisha siku 3 za kazi, piga simu, usitume ujumbe mwingine. Pa pili ni pale mkubwa anapoleta kadi ya nne. Wengi hapa huona haya, wanaipokea, na kikomo kinakufa wiki ya kwanza. Kukataa si lazima. Uliza tu mbele ya ubao: "Shikamoo bosi. Nimeipata. Mezani nina mishahara, ritani ya VAT na barua ya benki. Hii niiweke mbele ya ipi?" Mara nyingi mkubwa hajui ulichobeba. Akiona kadi tatu kwa macho yake, ama atasema "basi kesho", ama atatoa moja. Uamuzi unakuwa wake, na lawama ya kuchelewa haikai kichwani mwako peke yako.

*Mzigo inaoutua.* Uzito wa vilivyoanzwa visivyoisha. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alionyesha kwamba mtu akihama kazi kabla ya kuimaliza, sehemu ya mawazo yake hubaki kule nyuma na kazi mpya huifanya vibaya zaidi. Mwenye kazi kumi na mbili wazi anaishi hivyo kutwa nzima.

*Inayemfaa.* Mwenye H na K nyingi: ofisa manunuzi, mtu wa tehama anayeitwa kila dakika, fundi, timu ndogo inayofanya kazi za wateja. Ndiyo mbinu pekee kati ya tatu isiyokudai ushike saa zako. Upungufu wake: haikuambii kazi uifanye saa ngapi, kwa hiyo mwenye N nyingi anaweza kuwa na ubao mzuri ukutani na mikono imeshika simu.

Pale ambapo mbinu haitoshi

Kuna kazi ambazo ni nyingi tu. Zijumlishe makadirio ya wiki. Zikizidi saa zako za mkataba wiki baada ya wiki, hakuna kengele wala kadi itakayoziingiza humo. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, na anayefanya kazi mfululizo zaidi ya saa 5 anastahili mapumziko ya dakika 60. Mpelekee mkubwa wako jumla hiyo ikiwa imeandikwa, na umuulize kipi kiondoke.

Na ukijiona umeishiwa nguvu hata baada ya mapumziko, umeichukia kazi uliyokuwa ukiipenda, na unaona hakuna unachokiweza tena, hayo ndiyo mambo matatu ambayo Shirika la Afya Duniani linayataja linapoeleza uchovu wa kupindukia wa kazini. Hapo nenda kwa daktari au mshauri. Usiongeze mbinu.

Kulingana na hali yako

Daftari limejaa N: anza na kipima dakika, vipindi 4 tu kwa siku wiki ya kwanza.

M nyingi, nawe unashika nusu ya saa zako: siku ya vipande, na watangazie wenzako nyakati mbili za kukupata. Kama huzishiki saa hizo, kwa mfano uko kaunta au zamu, chukua ubao na uache saa zilivyo.

H au K zimezidi: ubao, na kikomo cha 3 kiheshimiwe hata siku ambayo unaona aibu.

Umechanganya herufi zote: ubao kwa ajili ya wiki, kipima dakika kwa ajili ya kadi moja ngumu ya siku. Lakini usianze vyote Jumatatu moja. Ipe mbinu ya kwanza siku 10 za kazi, rudia daftari la herufi kwa siku 3, kisha amua.

Na kama ni saa kumi jioni ya tarehe 6 na faili la mishahara liko wazi mbele yako, usipange wiki sasa. Andika kwenye karatasi hatua zilizobaki: kuhakiki waliojiunga na walioondoka, posho na makato, kukokotoa kodi, kuwasilisha, kuandaa malipo. Mwambie mtu mmoja ofisini akupokelee simu. Weka dakika 25, anza na wale waliojiunga.